Vikanda Nilivyompa Somo

Mimi ni mtu wa kusema. Ukinikanyaga sokoni nitakwambia hapo hapo, na ukinipunja fungu la mchicha nitakufuata mpaka mlangoni kwako. Mume wangu husema siku Mungu aliponiumba alianza na mdomo, mengine akayaongeza baadaye. Nalitanguliza hili ili ujue kwamba mtu nitakayesimulia habari zake hapa, yule aliyekaa na neno moja kifuani siku kumi na mbili akashindwa kulitoa, ni mimi huyu huyu. Woga ulinifunga kinywa. Sikuwahi kuogopa vile kabla, na siwezi kuapa kwamba nimeacha.

Tunakaa Zinga, ndani kidogo kutoka barabara kubwa. Mume wangu ni mwashi, na kazi zake nyingi ziko Mapinga, kwa watu wa mjini walionunua viwanja. Mimi nina bustani nyuma ya nyumba: nyanya, matango, bamia kidogo. Jirani yangu wa ua kwa ua ana jina kama langu, kwa hiyo tunaitana somo tangu nilipoletwa hapa bibi arusi. Amenizidi miaka michache. Nilipojifungua binti yangu wa pekee, mama yangu alikuwa mgonjwa, na somo ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto arobaini nzima, asubuhi na jioni, huku akinitukana nikilia. Mumewe alifariki akamwachia kisima na bustani kubwa mara mbili ya yangu, na hiyo bustani ndiyo inayomlisha.

Siku moja mume wangu alirudi kazini na kiroba begani, akakimwaga uani. Vikatoka vikanda vya kijani, upana wa kidole, urefu kama shubiri mbili. Upande mmoja vina manyoya laini, upande wa pili vimiba vidogo sana hata macho hayavioni vizuri. Ukikutanisha pande hizo vinashikana, ukivivuta vinalia krrr, kama vile vya kufungia viatu vya watoto wa chekechea. Vimetengenezwa kwa ajili ya kufungia mimea kwenye fito. Tajiri mmoja wa Mapinga alikuwa na banda la nailoni la kulimia nyanya. Nyanya zote zikafa, akakata tamaa, akawaambia mafundi wabomoe wamjengee banda la gari. Vikanda vilikuwa vinatupwa.

Hapo mtu mwenye akili angeuliza: nyanya zilikufa na nini? Mimi nilicheka. Nikasema watu wa mjini wanalima kwa simu, wanamwagilia kwa kumpigia mtu simu, zisife kwa nini? Nikavikusanya vikanda vyangu nikafurahi.

Maana sisi huku tulizoea gome la mgomba. Unachana gome kavu, unalilowesha lilainike, unafunga mche kwenye ufito, na kila mche una gome lake. Msimu ukiisha limeshaoza, limedondoka, hata hukumbuki lilikuwapo. Vikanda ni habari nyingine. Mche ukinenepa unalegeza, ukirefuka unapandisha juu, ukiuvuna unavua kikanda unakwenda kumfunga mwenzake. Somo alipokuja kuviona alikaa chini akawa anavivuta, krrr, krrr, akicheka peke yake.

"Somo, hii si kamba," alisema. "Huyu ni kupe!"

Nikamwambia nikizidisha nitampa na yeye makupe wake.

Kama mwezi hivi baadaye mche wangu mmoja ulinyauka mchana. Nikasema jua. Jioni ukainuka kidogo, kesho yake ukalala moja kwa moja, na majani yake bado kijani kabisa, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kisha wa pili, kisha ikawa saba, yote mstari mmoja. Nikajiambia nimezidisha maji, nikaing'oa, nikavua vikanda nikavirudisha kirobani pamoja na vingine. Wiki ile ile somo akaja. Nyanya zake zimefika magotini, migomba yake ameshaikata, hana magome. "Nipe wale makupe wako," akasema. Nikampa nusu ya kiroba.

Sasa nisikilize vizuri. Huku kwetu watu hawaazimani kitu kichafu. Sufuria za shughuli zinazunguka nyumba kumi na zinarudi zinang'aa kuliko zilivyotoka. Mama mkwe wangu alinifundisha kusugua mpaka chini kwenye masizi, kwa mchanga na majivu, ili mtu asipate la kusema. Sinia la watu sijalirudisha na doa hata siku moja. Lakini vikanda vile vilikuwa na udongo na majimaji ya miche iliyokufa, na mimi nikavikung'uta kwenye goti, pa pa pa, nikampa. Nani anaosha kamba? Hata yeye hakuangalia. Maisha yetu yote tulifungia magome, na gome hakuna aliyewahi kuliosha.

Wiki tatu hazikupita, nyanya za somo zikaanza kulala.

Sikushtuka mara moja, nitasema ukweli. Nilimpa pole. Lakini nilipoinama nikaona majani yale ya kijani yaliyolegea, na kwenye kila shina kikanda changu, nikakumbuka miche yangu saba. Kwangu pia miche mingine miwili ilikuwa imeanza. Jumatatu asubuhi niling'oa mmoja, nikautia kwenye mfuko, nikaenda kumtafuta bwana shamba barabarani, anapokunywaga chai kwa mama lishe.

Ni kijana mpole. Alinisabahi kwa heshima, akaomba glasi yenye maji safi, akalikata shina kwa wembe akalishikilia kwenye maji. "Tazama, mama," akasema. Mwanzo sikuona kitu. Halafu ukatoka uzi mweupe kama maziwa, mwembamba, ukashuka taratibu mpaka chini ya glasi, na mwingine, na mwingine. Mama lishe akasema astaghfirullah, akaniambia hiyo glasi niondoke nayo.

Bwana shamba akanieleza kwamba huo ni mnyauko wa vijidudu, hauna dawa, na unatembea kwa maji, kwa udongo, kwa jembe, hata kwa mikono. Akaniuliza nafungia nini. Nikatoa kikanda mfukoni. Akakigeuza, akatazama udongo uliokaukia kwenye manyoya.

"Ulikipata wapi?"

Nikamwambia kwenye banda la nyanya zilizokufa.

"Uliviosha? Uliviloweka kwenye dawa, ukavianika juani?"

Nikatikisa kichwa.

"Inawezekana ndivyo vilivyouleta, mama. Sina hakika, lakini inawezekana sana. Kuna mtu mwingine umempa?"

"Hapana," nikasema.

Sijui lile hapana lilitoka wapi. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, jepesi, na nikamlipia chai yake nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najiambia nitamwambia somo mwenyewe, leo leo, nikifika tu.

Nilipofika nilimkuta uani kwangu, amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kanga imemdondoka kichwani, macho mekundu. Binti yangu alikuwa amemshika bega. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane, na kama ilivyo desturi mumewe alimleta kwetu ajifungulie kwa mama yake. Tumbo lilikuwa limeshashuka, miguu imevimba.

"Nusu ya bustani, somo," alisema jirani yangu. "Nusu! Na si maradhi haya. Maradhi nayajua mimi, yanaanza na jani la njano, yanaanza na doa. Hizi zinalala zikiwa kijani! Huu ni mkono wa mtu. Kuna mtu kanitia jicho, au kanimwagia kitu, na mtu huyo anaingia bustanini kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikafungua mdomo.

"Nimeshaongea na maalim," akaendelea. "Amesafiri, anarudi wiki ijayo. Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya alasiri, tunasoma halbadiri."

Nikafunga mdomo.

Kwa asiyezaliwa pwani, halbadiri ni kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyekudhulumu usiyemjua. Wanasomwa watu wa Badri kwa majina yao, unaombwa ubaya umrudie mwenyewe. Wapo masheikh wanaosema haifai, na mume wangu husema hivyo hivyo, haimo kwenye dini. Lakini mwambie apite mbele ya nyumba inayosomewa halbadiri kama hatazunguka njia nyingine. Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu alikuwapo mtu aliyeiba mbuzi wa yatima. Ikasomwa. Alivimba tumbo, na watu wakasema ukimkaribia unasikia mbuzi analia ndani. Mbuzi mimi sikumsikia, ila tumbo nililiona kwa macho yangu, na alikufa nalo.

Nikamtazama binti yangu na lile tumbo lake.

Usiniambie ningesema tu. Najua ningesema tu! Siku kumi na moja nilijiambia hayo. Siku ya kwanza nilipika vitumbua, nikavifunika kwenye bakuli, nikavuka ua nikiwa nimeshayapanga maneno: somo, nina jambo. Nikamkuta anaswali. Nikamsubiri. Alipomaliza akanikumbatia, akasema wewe ndiye ndugu yangu niliyebaki naye hapa duniani. Maneno yote yakaniyeyuka. Na bakuli la watu halirudi tupu, kwa hivyo alinijazia nyanya mbichi alizowahi kuzichuma kabla mche haujafa, akasema nikatengeneze achari. Nilirudi nalo bakuli lile nikalisukuma uvunguni mwa kitanda, sikuweza hata kulitazama.

Siku nyingine nilipata wazo la kijinga. Nilisema nikavivue vikanda, nivichome, ushahidi upotee, labda na maradhi yasimame. Nikangoja adhuhuri, anapoingia ndani kuswali, nikapenya kwenye ua. Bustani ilikuwa kimya, jua limesimama kichwani. Nikavuta kikanda cha kwanza. Krrr! Yarabi, sauti ile! Siku zote niliisikia kama mchezo. Siku ile niliona mtaa mzima umesikia. Nikatulia. Nikavuta cha pili polepole, na ukikivuta polepole ndiyo kinalia zaidi. Nilikuwa nimefika cha sita nikasikia:

"Nani huko?"

Nilichutama katikati ya matuta kama mwizi wa kuku, vikanda sita vimenishika kwenye kanga, kila nikivibandua vinashika pengine.

"Mimi, somo," nikasema. "Natazama tu."

"Tazama, mwenzangu," akajibu dirishani kwa sauti ya kuchoka. "Tazama alivyonifanya."

Jioni ile nikamwambia mume wangu kila kitu. Alichokonoa saruji iliyoganda kwenye kucha. Kisha akasema, "Nyamaza. Ukisema sasa, nani ataamini hukukusudia? Nyanya zake zilikuwa nzuri kuliko zako, na kila mtu alikusikia ukilisema hilo."

Na ni kweli nililisema. Nililisema kisimani, mbele ya wanawake watano, kwamba somo ana mkono wa baraka na mimi nina mkono wa jembe. Watu walicheka. Lakini aliponikumbusha, ndipo nilipoogopa hasa. Kabla ya hapo nilijifariji kwamba Mungu anajua nia yangu, sikukusudia, halbadiri haitanipata. Sasa nikaanza kujichimba. Je, sikumwonea kijicho hata chembe? Nilipokung'uta vile vikanda gotini, kwa nini sikuvisuuza na maji yalikuwa pale pale kwenye ndoo? Kwa mtu mwingine ningevisuuza? Kadiri nilivyojiuliza ndivyo nilivyozidi kutojijua. Nikaona kwamba Mungu, atakayepelekewa shtaka Ijumaa, anaijua nia yangu kuliko mimi, na hilo badala ya kunituliza lilinimaliza.

Nilianza kumsumbua binti yangu. Mtoto anacheza? Amecheza leo? Mara ngapi? Asubuhi namgusa tumbo, adhuhuri namgusa, mpaka akanisukuma mkono akicheka. "Mama, utamchosha kabla hajazaliwa!" Miguu yake ilikuwa inavimba zaidi, nikampeleka zahanati mara mbili wiki moja, nesi akaniambia mama, bintiyo mzima, anayehitaji kupimwa presha ni wewe. Akanipima kweli. Ilikuwa juu.

Ijumaa ikafika. Sikuwa na namna ya kutokwenda. Jirani asiyekwenda ndiye mwenye neno. Nilimwacha binti yangu nyumbani, nikamwambia asitoke, afunge dirisha la upande ule asivute moshi wa ubani. Akaniona mwendawazimu.

Wanaume walikaa barazani, maalim na wanafunzi wake wanne. Wanawake tulikaa ndani kwenye majamvi, pazia limetutenga. Somo alinivuta nikae naye, ubavu kwa ubavu, magoti yetu yanagusana. Chetezo kilikuwa mlangoni na moshi ulikuwa mwingi hata macho yakawasha. Kabla ya kuanza, maalim akapaza sauti. Ni mzee mwenye sauti nzuri, ya taratibu.

"Kabla hatujaanza," alisema, "kama yupo anayejua lolote, aseme sasa, tuyamalize kwa kheri. Kusema si aibu. Tukishaanza hatusimami."

Akatupa nafasi, wallahi alitupa nafasi. Kuku alipita uani akikwaruza na kila mtu akamsikia. Nilisema moyoni: sasa. Nikasema: nikihesabu mpaka tatu. Nikahesabu mpaka tatu. Nikawaza wanawake wote wakinigeukia, nikawaza somo akilitoa goti lake kwenye langu, na nikabaki nimekaa.

Maalim akasema bismillahi.

Walisoma muda mrefu. Majina yalikwenda yakija. Mwisho maalim akaanza dua. Aliyemdhulumu mama huyu, Mungu amrudishie. Wanawake wakaitikia amin. Nikaitikia. Akose usingizi kama alivyomkosesha. Amin. Hapo somo akapaza sauti kupitia pazia:

"Na kizazi chake, maalim!"

Wanawake wakaguna. Maalim alisita. "Mama, punguza," alisema. "Inatosha."

"Yeye hakupunguza," somo akajibu, machozi yanamtoka. "Na kizazi chake."

Maalim akaomba, kwa sauti ya chini, kwamba na kizazi chake.

Nilihisi kama kila mtu mle ndani ananitazama. Sasa najua hakuna aliyekuwa ananitazama. Lakini wakati ule niliona nikichelewa nusu pumzi nimejulikana, na nikatoa amin kwa sauti kubwa, kubwa mpaka mama mmoja mbele yangu akageuka. Nilimwitikia mjukuu wangu laana kwa kinywa changu mwenyewe.

Niliporudi nyumbani binti yangu alikuwa amelala ubavu. "Mgongo unaniuma, mama," akasema. Huenda ulikuwa unamuuma siku zote. Mama wee! Nilikaa karibu yake na tasbihi bila kusoma chochote, kila anapojigeuza roho inanitoka, mpaka nikaona siwezi tena, heri aibu ya dunia nzima.

Asubuhi baada ya swala nilivuka ua. Somo alikuwa bustanini anang'oa miche iliyokufa, anavua vikanda na kuvitia ndooni. Anavipanga vizuri. Alikuwa anataka kunirudishia.

Nikasema yote nimesimama. Banda la Mapinga, miche yangu saba, goti nililokung'utia, glasi ya bwana shamba, lile hapana nililomwambia. Sikumwangalia usoni, nilikuwa nasema na ile ndoo. Nilipomaliza nikangoja anipige. Ningeshukuru angenipiga.

Hakuuliza habari ya nyanya hata moja. Mche aliokuwa ameushika ulimdondoka.

"Mwanangu yuko wapi?" akasema.

"Amelala. Mgongo—"

Hakungoja. Alikimbia peku, na udongo mikononi, akapita kwenye ua nguo ikachanika. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda cha binti yangu, ameweka viganja vyake vichafu juu ya tumbo, anasema, "Nimesamehe. Nimesamehe. Mungu wangu, nimesamehe, nirudishie maneno yangu, sikujua, nimesamehe." Binti yangu alikuwa ametoa macho. "Mama mkubwa, kuna nini? Mama, kuna nini?" Nami nikapiga magoti upande wa pili, tukawa tumelizunguka lile tumbo sote wawili.

Tulikwenda kwa maalim asubuhi ile ile. Alitusikiliza, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema aliyeomba ndiye mwenye kusamehe, na akisamehe kwa moyo Mungu ni mwingi wa rehema. Somo akamuuliza, ina maana imeondoka? Maalim akasema, "Mama, tuombe." Alisoma, akatuandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, tuzioshe kwa maji tunywe. Lakini hakusema ndiyo. Sote tuliliona hilo.

Uchungu ulimshika binti yangu wiki tatu baadaye, mchana. Tulimpeleka zahanati kwa bajaji, somo kamshika upande mmoja na mimi mwingine. Wakatuweka nje kwenye benchi. Tulimsikia akilia, kisha tukasikia ameacha. Tukasikia manesi wakisemezana haraka haraka. Na sauti ya mtoto hatukuisikia. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika kumi, ishirini. Sikuthubutu kumgeukia somo wala yeye hakunigeukia, maana tulikuwa tunajua wote tunawaza nini, na mwenye kulisema angelifanya liwe kweli. Somo alikuwa ameuma ncha ya ushungi wake. Nilifika arobaini na kitu. Ndipo mle ndani mtoto akakohoa, kama mzee, halafu akalia.

Ni wa kike, mzima. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, nesi alisema hutokea kila siku, wala tusitishike.

Somo alimkanda binti yangu arobaini nzima, kama alivyonikanda mimi. Hakukosa siku. Alikuja asubuhi na jioni, akachemsha maji, akamuogesha mtoto, akamfunga, akamnusa kichwani. Mimi aliniambia lete beseni, lete mafuta, ondoa hiki. Hakunigombeza wala hakunitania. Mtoto akipiga chafya tunashtuka wote wawili, na mtoto akilala usingizi mzito tunamwinamia kusikiliza pumzi. Nilijiambia tumeshikamana upya. Nilijiambia amesahau.

Siku ya arobaini, watu walipoondoka, alikuwa amekaa jamvini na mtoto mapajani, na mimi nikakusanya ujasiri. Nikamwambia somo, niambie kitu, nitukane basi, hasara ya bustani nzima ile.

"Nyanya ningekusamehe siku ile ile," alisema. Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Ungeniambia tu, tungecheka, tungepanda bamia. Nyanya si kitu."

"Sasa nini?"

"Ulikuwa umekaa nami goti kwa goti. Nilipotaja kizazi, wenzako wote waliitikia kwa kunong'ona. Hata maalim alinong'ona. Wewe ndiye uliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilikusikia, nikasema moyoni, huyu ndiye anayenipenda."

Sikuwa na la kusema, mimi mtu wa kusema. Nikanyoosha mikono nimpokee mjukuu wangu. Alinipa, lakini alichelewa kidogo kunipa.